Kinachobaki Ndani ya Mabano

Senge hulaza penseli kabla ya kuanza. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kwake, na lilinichukua jioni tatu kuliona. Mjukuu wake ameshanakili swali kwenye daftari la miraba, ameinama, ncha ya ulimi iko nje, anataka kutimua mbio. Bibi yake amelaza penseli kando ya jagi la maziwa, amekunja mikono, anatazama tu.

Kwenye daftari pameandikwa hivi:

24a³b² − 36a²b³ + 60a²b²

"Mafungu mangapi?"

"Matatu, Kogo."

"Yanashirikiana nini?"

"Mbili."

"Mbili ni kweli," anasema. "Lakini ni kweli ya haraka. Tazama tena."

Tuko Chebunyo, upande wa chini wa kaunti ya Bomet, katika eneo bunge la Chepalungu. Mgeni akisikia Bomet na Kericho mawazo yake hukimbilia chai, lakini hapa chai utaiona kwenye kikombe. Mashamba yale ya kijani yaliyochanwa kama nywele yako juu, kule Konoin na kuelekea Kericho, ambako mvua haina msimu. Huku chini ni mahindi, ng'ombe, na vumbi. Maziwa ndiyo mshahara wa watu wengi, na ndiyo maana somo la hisabati nyumbani kwa Senge huanza baada ya ng'ombe wa mwisho kukamuliwa, si dakika moja kabla.

Senge si jina lake. Ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita shangazi, dada ya baba, na Kogo ni bibi. Alifundisha hisabati sekondari mpaka akastaafu, na sasa darasa lake lina mwanafunzi mmoja, kijana wa Gredi ya Nane, na mtazamaji mmoja, mimi, niliyekuja kukaa siku mbili nikakaa wiki mbili. Anachomfundisha kijana huyo jioni hizi ni kile ambacho vitabu hukipitia kwa kurasa chache kisha vikakimbilia milinganyo ya kipeo cha pili, ambako ndiko kwenye sifa: kutafuta kigawo kikubwa kinachopatikana katika kila fungu, kukitoa nje, na kuacha mengine ndani ya mabano. Basi. Fundi seremala angesema ni kama kupiga randa. Hakuna anayekuja harusini kusifu randa, lakini meza iliyorukwa hapo hujulikana mtu akiegemeza kiwiko tu.

Senge huanza na namba, na kwa namba huanza na namba tasa. Anamwambia kijana azivunje moja moja mpaka zisivunjike tena. 24 inakuwa 2 × 2 × 2 × 3. 36 inakuwa 2 × 2 × 3 × 3. 60 inakuwa 2 × 2 × 3 × 5. Zikishapangwa safu tatu, moja chini ya nyingine, kijana anapitisha kidole wima. Mbili ya kwanza iko kote. Mbili ya pili iko kote. Mbili ya tatu iko kwa 24 peke yake, basi inabaki. Tatu moja iko kote. Tano ni ya 60 tu. Kilichopatikana kote ni 2 × 2 × 3, yaani 12. Ile mbili ya haraka aliyoitaja mwanzo imo humo ndani, na imeongezeka mara sita.

Kisha herufi. Hapa Senge ana desturi ambayo mwanzoni niliiona ya kitoto. Havitaki vile vipeo vidogo vinavyokaa begani mwa herufi. Anamwamuru kijana aandike herufi zote kwa kirefu: aaabb, aabbb, aabb. Baadaye nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo alivyoandika Mwingereza Thomas Harriot, ambaye kitabu chake cha aljebra kilichapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kufa kwake. Alikuwa akizirudia herufi kama mtu anayehesabu mbuzi kwa sauti. Descartes alipochapisha jiometria yake mwaka 1637 alieneza vile vipeo vidogo tunavyovitumia leo, na yeye mwenyewe bado alipenda kuandika aa badala ya a². Vipeo huokoa wino, lakini kwa mtu anayeanza huficha kitu. Ukiandika aaabb juu ya aabb, huhitaji kanuni yoyote ya vipeo, kidole kinakwambia kwamba a mbili ziko kote na b mbili ziko kote.

"Anayeamua ni nani?" Senge anauliza.

"Mwenye chache, Kogo."

Jibu hilo kijana alilipata kwa mfano wa mchango. Watu watatu wakikubaliana kuchanga sawa, kiasi cha mchango kitapangwa na mfuko wa mnyonge. Mwenye a tatu hawezi kumlazimisha mwenye a mbili. Kwa hiyo a² na b², na kinachotoka nje kwa jumla ni 12a²b².

Sasa ndipo penseli inapoinuliwa. Kijana anaandika 12a²b², anafungua mabano, na kabla ya kujaza chochote anaweka alama mbili, ya kutoa na ya kujumlisha, akiacha nafasi tatu tupu. Hiyo nayo ni sheria ya nyumba hii. Mafungu matatu yaliingia, nafasi tatu zitoke. Kisha anajaza: 24a³b² ikigawanywa kwa 12a²b² inabaki 2a. 36a²b³ inabaki 3b. 60a²b² inabaki 5.

12a²b²(2a − 3b + 5)

Nilitazama mstari huo kwa muda. Ule wa juu ulikuwa umati. Huu wa chini una mlango. Na hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, thamani ni ileile kabisa, herufi zozote utakazozibadilisha kwa namba. Sijui ufundi mwingine wenye uaminifu wa aina hiyo. Mshonaji hukata kitambaa na vipande vingine huishia sakafuni, seremala huacha vumbi la mbao. Hapa sakafu ni safi.

Senge haamini mstari kwa sababu ni mzuri. Anataka ujaribiwe. "Chagua namba," anasema, "lakini usichague moja." Moja ikipandishwa kipeo chochote inabaki moja, kwa hiyo mtu anaweza kukosea vipeo vyote na jaribio lisimwambie kitu. Kijana akachagua a iwe 2 na b iwe 3. Akaanza na ule mstari mrefu: 1,728 kutoa 3,888 kujumlisha 2,160. Nusu ukurasa ukajaa. Jibu likawa sifuri.

Akafuta. Akafanya upya. Sifuri tena. Akamtazama bibi yake kwa macho ya mtu aliyeibiwa.

"Angalia ndani ya mabano," Senge akasema.

Ndani ya mabano: 4 kutoa 9 kujumlisha 5. Sifuri, waziwazi, bila nusu ukurasa. Kijana akacheka mpaka maziwa yakatikisika kwenye jagi. Lakini Senge hakumwachia ashangilie. Alimwambia kwamba jaribio hilo limethibitisha mabano tu, maana sifuri imemeza kila kilichokuwa nje. Hata angeandika 100 badala ya 12, bado angepata sifuri. Arudie kwa namba nyingine. Safari hii a ikawa 3 na b ikawa 2. Juu: 2,592 kutoa 2,592 kujumlisha 2,160. Chini: 432 mara 5. Yote mawili 2,160. Hapo ndipo alipoweka alama ya vema.

Kenya masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza, na kijana huyu anatumia lugha tatu kwa swali moja: Kipsigis akimjibu bibi yake kwa mzaha, Kiswahili akifikiri kwa sauti, Kiingereza akiandika. Senge kwa Kiswahili husema tu "toa nje." Watanzania, ambao shule zao za msingi za serikali hufundisha hisabati kwa Kiswahili, wana jina kamili: Kigawo Kikubwa cha Shirika, kwa kifupi KKS. Ndugu yake ni Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS. Herufi moja, o na e, ndiyo inayotenganisha kinachogawanya na kinachogawanywa, na naamini imewaliza watoto wengi kuliko kanuni yenyewe.

Nilipomtajia Senge jina hilo alilirudia mara mbili. Neno lililomvutia ni "shirika." Huku maziwa yanakusanywa kwa ushirika, na kwake neno hilo lina harufu ya mitungi ya alumini na sauti ya bodaboda za alfajiri. Akaniambia twende asubuhi nikaone kigawo cha shirika kikitembea kwa miguu miwili.

Tulimkuta karani amesimama kando ya barabara, daftari mkononi. Kutoka njia yetu walikuja watu wanne: lita 6, lita 9, lita 3, lita 12. Tuseme bei ni shilingi 45 kwa lita. Mtu angeweza kuzidisha mara nne, apate 270, 405, 135 na 540, kisha ajumlishe. Karani hafanyi hivyo. Anajumlisha lita kwanza, 30, kisha anazidisha mara moja: 1,350. Bei imesimama nje ya mabano, lita zimekaa ndani. Hakuna aliyemfundisha kuliita jambo hilo aljebra. Lakini mwisho wa mwezi kila mtu anataka chake, si cha njia nzima, na hapo karani analazimika kufungua mabano tena, jina kwa jina. Senge alinigusa bega. "Unaona? Kufunga ni kwa ajili ya kuhesabu. Kufungua ni kwa ajili ya kulipa." Yeye mwenyewe alikuwa na lita 9.

Jioni ile alirudi kwenye kosa analolichukia kuliko yote, nami nikainamisha kichwa kwa sababu nalijua kwa jina. Swali lilikuwa 6x²y + 3x. Kijana akaona 3x iko pande zote mbili, akaitoa nje kwa madaha, akaandika 3x(2xy). Akaweka nukta.

Hivyohivyo ndivyo nilivyoandika mimi miaka mingi iliyopita, katika mtihani wa muhula kwenye shule ya bweni ambayo sitaitaja. Mwalimu wangu alipiga mstari mwekundu juu ya jibu bila neno. Nikajua nimekosea, nisijue wapi. Niliamini kwa muda mrefu kwamba aljebra ni kama hali ya hewa, inakunyea tu.

Senge hakupiga mstari. Alihesabu kwa sauti. "Waliingia wangapi?"

"Wawili."

"Ndani ya nyumba naona wangapi?"

"Mmoja."

"Mwingine yuko wapi?"

"Alitoka nje, Kogo. Yeye ni 3x mzima, ametoka wote."

"Akitoka wote anaacha nini?"

Kijana akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana hapo ndipo mimi nilipokwama. Wengi wetu tunadhani kitu kikiondolewa chote hubaki hewa. Hiyo ni kweli ya kutoa: 3x kutoa 3x ni sifuri. Lakini hapa hatutoi, tunagawanya, hata kama Kiswahili cha Senge kinasema "toa nje" na kumchanganya mtoto. 3x ikigawanywa kwa 3x ni 1. Na jibu ni 3x(2xy + 1). Ile 1 ni nyayo za fungu lililotoka. Ukiifuta, ukija kufungua mabano utarudisha fungu moja tu, na mwenye maziwa wa pili atakwenda nyumbani bila malipo.

Hii ndiyo sababu ya zile nafasi tupu anazoziacha mapema. Nilidhani ni unadhifu wa mwalimu mstaafu. Kumbe ni mtego wa kunasa 1.

Alama za kutoa nazo zina mitego yake, lakini Senge hakawii nazo. −6m² + 9m − 3 anaigeuza kuwa −3(2m² − 3m + 1), anamkumbusha kijana kwamba kilichotoka na alama ya kutoa hugeuza alama za wote waliobaki ndani, anampa maswali matano ya aina hiyo, basi.

Anapokaa ni kwenye swali la namba kubwa. Siku moja alimpa kijana 84 na 60, akamkataza kuzivunja kwa namba tasa. Akampa kamba mbili za katani alizozipima kwa rula, moja sentimita 84, nyingine 60, na kisu. "Kata fupi kutoka kwa ndefu," akasema. Kijana akalaza kamba ya 60 juu ya ile ya 84, akakata, kikabaki kipande cha 24. Sasa ana 60 na 24. Akatoa 24, ikabaki 36. Akatoa 24 tena, ikabaki 12. Sasa ana 24 na 12, na 12 inaingia mara mbili kamili bila kubakisha uzi. Hapo kazi ikaisha. Kipande cha 12 ndicho kipimo kikubwa kinachozipima kamba zote mbili za mwanzo, mara saba ile ndefu, mara tano ile fupi.

Kamba zilikuwa za Chebunyo, ila njia ilitoka mbali. Euclid aliiandika katika kitabu cha saba cha Elements, kazi inayohusishwa na Alexandria, Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo. Mwaka 1585 Simon Stevin, Mflemishi, akaonyesha kwamba ukataji huohuo unafanya kazi hata kwa polinomia. Unagawanya ile kubwa kwa ile ndogo, unachukua baki, unaendelea mpaka baki iishe. Programu za kompyuta zinazorahisisha aljebra leo bado zimesimama juu ya wazo hilo.

Kuna jambo la ajabu ndani yake. Namba kubwa sana, yenye tarakimu mamia, iliyotokana na kuzidisha namba tasa mbili kubwa, ni taabu isiyomithilika kuivunja. Usalama wa sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti umejengwa juu ya taabu hiyo. Lakini ukipewa namba mbili za aina hiyo ambazo kwa bahati mbaya zinashiriki namba tasa moja, kamba za Euclid zitaifichua mara moja. Mwaka 2012 watafiti walikusanya mamilioni ya funguo za namna hii kutoka mitandaoni, wakazilinganisha, wakakuta maelfu zinashiriki vigawo, kwa sababu mashine zilizozitengeneza zilichagua namba kivivu. Zote hizo zikafunguka. Mtu anaweza kushindwa kabisa kujua kilicho ndani ya namba moja, lakini akajua kwa urahisi kile ambacho mbili zinashirikiana. Nilipomweleza Senge, alisema majirani ni vivyo hivyo, akaendelea kuchambua mboga.

Kila fundi ana kazi ambayo huionyesha akitaka kusifiwa. Yake ni hii: xy + 4x + 3y + 12. Mafungu manne, na hakuna kigawo kinachopatikana kwa wote. Kijana alitaka kukata tamaa. Senge akayagawa wawili wawili. Wawili wa kwanza wanatoa x, inabaki x(y + 4). Wawili wa pili wanatoa 3, inabaki 3(y + 4). Sasa tazama: y + 4 imejitokeza pande zote mbili. Bano zima, lililokuwa nyumba, limekuwa lenyewe kigawo, na linatoka nje likiwa limebeba watu wake ndani: (y + 4)(x + 3). Kijana alisema "ala!" na mimi pia.

Juu kule kwenye chai niliwahi kuona kitu kama hicho, ingawa sikujua ninachokiona. Mchumaji mzuri huchuma majani mawili na chipukizi moja kutoka kila tawi, wala hapunguzi wala hazidishi. Tukiita jani j na chipukizi c, kila pigo la vidole ni 2j + c, na mapigo arobaini ni 80j + 40c, yaani 40(2j + c). Anayekagua majani kwenye kituo hatumii daftari. Anaingiza mkono kwenye kikapu, anainua konzi, na jicho lake linatafuta kigawo: je, kila kilichomo ni 2j + c? Mchumaji mwenye haraka akivuta majani ya tatu kwenye matawi matatu tu, kikapu kinakuwa 83j + 40c, na 83 na 40 hazishirikiani chochote ila 1. Majani matatu, na kigawo kizima cha arobaini kimeondoka. Najua mkaguzi hahesabu hivyo, na kikapu si polinomia. Lakini nilipomwona akitikisa kichwa na kuchambua majani magumu, niliona uso wa Senge.

Kosa la mwisho alilonionyesha halikuwa la mjukuu wake. Alilitoa kwenye kumbukumbu zake za kusahihisha, akasema amelikuta hata kwa watahiniwa wa kidato cha nne. Swali: x² = 5x. Mtahiniwa anaona x pande zote mbili, anagawanya kwa x, anapata x = 5, anaendelea na safari. Ni jibu sahihi, na ni nusu ya jibu. Angeleta yote upande mmoja, x² − 5x = 0, kisha akatoa x nje, x(x − 5) = 0, angeona kwamba zao likiwa sifuri mmoja wa wawili lazima awe sifuri: ama x yenyewe, ama x − 5. Majibu ni mawili, 0 na 5. Yule aliyegawanya aligawanya kwa kitu ambacho huenda kilikuwa sifuri, na jibu likapotea kimyakimya bila hata kuacha doa.

Senge ana mfano wake kwa hilo. Msimu wa mvua, kila mtu akija nyumbani kwake huacha gambuti mlangoni. Hazijatupwa. Ziko pale nje, na ukitaka kujua wangapi wako ndani unaweza kuzihesabu. "Kigawo unakiweka mlangoni," anasema. "Yule mtoto amekitupa mtoni." Mfano unachechemea kidogo, maana wageni wanne wana jozi nne na kigawo ni kimoja tu kwa wote. Nilipomwambia hivyo alikiri, kisha akasema katika miaka yake yote ya ualimu hakuna mwanafunzi aliyelalamika.

Jioni yangu ya mwisho Chebunyo, swali la mwisho kwenye daftari lilikuwa fupi: 7x + 9y. Kijana alilaza penseli. Alitazama. Akaandika pembeni 7, na chini yake 3 × 3. Alipitisha kidole wima. Herufi nazo hazikufanana. Nje ng'ombe mmoja alikohoa.

"Hakuna kitu, Kogo."

"Kipo."

Akatazama tena, kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshafunga daftari. "Kipo 1."

"Basi andika."

Akaandika 1(7x + 9y), akaitazama, akaona haya. "Haijabadilika."

"Ifute hiyo 1. Haiandikwi."

Alichukua kifutio, kisha akasimama katikati. "Juzi ulinikasirikia kwa kusahau 1. Leo unaniambia niifute."

Senge alivuta daftari kwake na, kwa mara ya kwanza jioni ile, akashika penseli yeye mwenyewe. Akachora mabano makubwa matupu. Ndani yake akaandika alama ya kujumlisha, nje yake akaandika alama ya kuzidisha. Akaweka 1 ndani, kando ya kujumlisha. "Lita ngapi zimeongezeka?" Moja. Akaweka 1 nje, kando ya kuzidisha. "Na sasa?"

Kijana akafuta ile ya nje, taratibu, akapuliza mabaki ya kifutio yasiingie kwenye maziwa.